Nyumba ya Kahawa kwa Ukuta wa Papa Philippe

Miguu ya Grégoire haikuwa na adabu. Hata akikaa mezani mbele ya fufu na sombe, mguu wa kuume ulitikisika chini ya meza mpaka maji yakamwagika kwenye kikombe. Mke wake Myriam, ambaye Mubi nzima inamwita Mama Béata kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alikuwa anaweka mkono juu ya goti lile bila hata kumtazama, kama vile mtu anavyomtuliza mtoto kanisani.

"Papa Béata, kula kwanza. Kamyo haikuite."

Kamyo ilikuwa inamwita. Shida yote ilikuwa hapo. Mubi ni mji wa barabara: maduka huku, maduka huku, pikipiki katikati, na kamyo zinazotoka mbali na kwenda mbali zaidi, zimejaa mafuta, saruji, magodoro, na watu wamekaa juu ya magodoro. Mtu mwenye moyo wa Grégoire kuishi Mubi ni sawa na mlevi kupanga chumba nyuma ya baa. Kila honi ikilia, yeye alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Alizaliwa ziwani, kule Kirotshe, na kazi yake ni kupaka rangi. Siyo rangi ya kuta tu, mtu yeyote mwenye mikono anaweza hiyo. Grégoire anaandika majina ya butiki, anachora kuku kwa muuza kuku, makasi kwa kinyozi, telefoni kwa muuza unité za kupigia simu, na kuku wake ukimwona unaweza kumtupia mahindi. Kwa kazi hiyo angekaa mahali pamoja na angekula vizuri. Weee! Aliondoka Kirotshe akaenda Goma, akarudi Sake, akapanda Masisi-centre, akashuka Walikale, akafika Mubi. Watu wengi wa kwetu wamehamishwa na vita, na yeye pia vita vilimfukuza, hilo hatumnyimi. Lakini safari nyingine hakuna aliyemfukuza. Aliamka tu asubuhi, akaona mji umekuwa mdogo, akafunga pinso zake za kupakia rangi katika kitambaa.

Na kila safari ilikuwa na desturi yake. Yeye anatangulia. Myriam anabaki na watoto, na masufuria, na mwenye nyumba anayegonga mlango. Miezi inapita. Halafu neno linatumwa, Myriam anabeba vyote mgongoni na kichwani, anafika, analima, anapanda maharage nyuma ya nyumba, na maharage yakianza kutoa maua, mguu wa bwana unaanza tena kutikisika chini ya meza.

Mubi ndipo Myriam alipochoka. Watoto walikuwa wamekwisha kuolewa na kuoa, kila mmoja na kwake. Alipata meza sokoni, akapata marafiki wa kwaya, akapata udongo mzuri. Siku moja, dada yake Carmel alipokuja kutoka kwake, mbele kwenye barabara ya Kisangani, kuwatembelea, Myriam akamwita mumewe akae, akasema mbele ya dada yake ili maneno yawe na shahidi.

"Hapa njo mwisho. Ukitaka kuondoka tena, ondoka. Lakini mimi sitakufuata, na ukirudi hautanikuta nakungoja. Niliolewa na muntu, sikuolewa na barabara."

Grégoire akaapa. Aliapa vizuri sana, mkono juu, macho yana maji, mpaka Carmel naye akapangusa macho yake. Alikuwa anampenda mke wake, usimdhanie vibaya. Kukaa ndiko kulikomshinda.

Basi kiangazi kilipokausha barabara, akaenda kimyakimya kumwona Trésor, shofa wa kamyo ya rangi ya machungwa, akaomba nafasi ndani ya kabini mpaka Kisangani. Huko, walimwambia, wanajenga kila siku, na mahali wanapojenga kila siku wanataka majina kwenye kuta. Trésor akamwambia atapita akisha kupakia. Grégoire akamwomba jambo moja: asipige honi karibu na nyumba yake.

Katikati ya mambo hayo akaitwa na Papa Philippe.

Papa Philippe ni mufanyabiashara wa Butembo, Mukatoliki wa kusali misa ya kwanza, ana duka la misumari na mabati na sasa alikuwa anamaliza kujenga hoteli. Jina la hoteli: Bahari. Ndiyo, Bahari, katikati ya msitu, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote watu wanayoyajua ni mto na madimbwi ya barabarani. Lakini Papa Philippe aliwahi kwenda Mombasa kutafuta mali, na huko aliona nyumba ya zamani kando ya maji ikamkaa moyoni. Aliipiga foto. Alitaka nyumba ile ichorwe kwenye ukuta mzima wa chumba cha kulia, ili wachimbaji na mashofa wakila samaki wajue wako wapi. Kwa bahati mbaya telefoni ilimponyoka juu ya pikipiki, ikaingia kwenye tope, ikafa pamoja na foto.

"Artiste, sikiya vizuri," akamwambia Grégoire. "Iko nyumba ya zamani. Iko na etaji, chumba juu ya chumba. Balkoni ya mbao. Chini mawe, juu bati. Maji iko mbele. Unaona?"

"Naona, patron."

Alikuwa haoni kitu. Bahari yenyewe hajawahi kuiona hata siku moja. Asubuhi ya kwanza alizunguka mbele ya ukuta mtupu akiwa na mkaa mkononi, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda barabarani kunywa chai, akarudi. Halafu mkono wake, wenyewe, ukaanza kushuka ukutani. Ukachora mawe, mlango mpana wenye tao, ngazi inayoshuka mpaka majini, balkoni ya mbao iliyoegemea upande mmoja, na bati jekundu la kutu. Alipokaa chini kupumzika akaona amechora nini: depo ya zamani ya kahawa, kule kwao, kando ya ziwa. Nyumba ya kahawa, kama walivyoiita. Ndani yake ndiko alikojifunza kazi, kijana anayeandika namba na majina kwenye mifuko. Na kwenye ngazi zile wasichana walikuwa wanakaa kuchagua kahawa, mbovu huku, nzuri huku, na mmoja wao aliitwa Myriam.

Akasema moyoni, Papa Philippe hatajua. Nyumba ya zamani ni nyumba ya zamani.

Alifanya kazi kwa haraka, kwa wasiwasi, bila kula. Kila kamyo ilipopita alitoka nje na pinso mkononi kuangalia kama ni ya rangi ya machungwa. Watu walianza kuja kuchungulia dirishani. Mmoja akasema hii ni Bukavu, mwingine akasema Kigoma, wa tatu akasema ni Ulaya na akaapa kwamba aliiona kwenye filamu. Papa Philippe alipokuja kuona, akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Grégoire. Hii mulima inatoka wapi?"

Kwa sababu nyuma ya nyumba, bila kufikiri, Grégoire alikuwa amepandisha milima ya Masisi, mashamba ya maharage kwenye mteremko na migomba yote.

"Iko mulima ya nyuma, patron."

"Bahari haina mulima! Mimi niliiona, wewe hukuione. Bahari iko sawa tu, mpaka inakutana na mbingu."

"Patron, na bahari ya Galilaya?"

"Galilaya imefanya nini?"

"Yesu alipanda mulima kuomba, akashuka, akatembea juu ya bahari. Iko mu Biblia. Na Padiri mwenyewe alitufundisha, ile bahari iko ziwa tu, kama ziwa yetu. Batu baliiita bahari, na Biblia haikukatala."

Papa Philippe akatazama tena ile milima. Padiri alikuwa anakuja siku ya yenga, ndiyo Jumapili, baada ya misa, kubariki hoteli, na kubishana na Injili juma lile lile hakukumpendeza.

"Bon. Acha mulima," akasema. "Lakini maji iko butupu. Tia kitu. Tia boti."

Grégoire akatia boti. Ile ndefu ya mbao, na mota nyuma, na ndani yake mtu mmoja mwenye koti ya buluu. Aliichora kwa muda mfupi kuliko kitu chochote kingine ukutani, na hakujiuliza kwa nini.

Siku iliyofuata ujumbe wa Trésor ukafika: amepakia, kesho asubuhi anapita. Mchana ule ule Myriam akamletea mumewe chakula, kwa sababu siku zote hizo alikuwa anashinda kazini bila kula. Aliingia akiwa amebeba sufuria kichwani, akaangalia ukuta, na sufuria nusura ianguke.

"Yesu Maria! Nyumba ya kahawa!"

"Hapana, Mama Béata, iko bahari ya Papa Philippe."

"Bahari ya nani? Usinidanganye! Ile bati juu ya mulango upepo uliibeba, na hapa haiko. Na ngazi iliyovunjika, ile tulikuwa tunaruka, ona! Ayii, Papa Béata!"

Alicheka, akapiga makofi, akaweka chakula chini akaenda kugusa mawe kwa kidole, akajipaka rangi mbichi na hakujali. Alitaja majina ya wasichana waliokaa naye pale, nani alikuwa mvivu, nani alikuwa anaimba. Grégoire akamwangalia. Kwa miaka mingi hakuwa amemfurahisha namna hii, na kesho yake asubuhi alikuwa anamtoroka.

Halafu kidole cha Myriam kikasimama. Alikuwa amefika kwenye boti.

"Mota iko upande gani?" akauliza.

"Mota gani?"

"Mota ya boti. Ku ziwa nani alizaliwa, mimi na wewe ao Papa Philippe?"

Mota ya boti inakaa nyuma. Hilo mtoto yeyote wa Kirotshe analijua kabla hajajua kuhesabu. Mama akiwa ufukoni akiona kichwa cha boti, anaweka sufuria motoni, maana mtu wake anakuja. Akiona mota, anarudi nyumbani. Na mota aliyoichora Grégoire ilikuwa upande wa nyumba. Kichwa cha boti kilikuwa kimeelekea huku, kwa watu watakaokula samaki.

"Hii boti inaondoka," akasema Myriam.

"Iko boti tu, Mama Béata. Patron alisema maji iko butupu."

"Na huyu wa koti ya bulu? Koti ile nilikushonea mimi mwenyewe, ukaivaa kwenda Goma mara ya kwanza." Akasogea karibu zaidi. "Mimi niko wapi?"

"Wapi namna gani?"

"Siku ile nilisimama hapa, ku hii ngazi, na Béata mugongoni. Nilisimama mpaka boti ikapotea kabisa. Umechora mawe moja moja. Umekumbuka ata bati. Ngazi iko butupu."

Grégoire akatafuta uongo mzuri na hakuupata, na ndipo ukweli ukamtoka, mbaya kuliko uongo wowote.

"Sikukuona. Nilikuwa nimeangalia mbele."

Myriam akapangusa kidole chenye rangi kwenye kitambaa chake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Trésor anapita siku gani?"

"Trésor gani?"

"Papa Béata. Sokoni mimi nakaa pembeni ya mke wake."

Grégoire akasema: kesho. Myriam akaitika kwa kichwa, akafunika chakula vizuri ili nzi wasiingie, akaenda zake. Hakulia wala kupiga kelele, na Grégoire, mjinga wa watu, akafikiri labda si vibaya sana.

Jioni ile alikaa mezani. Mguu ulitikisika, na hakuna mkono uliokuja juu ya goti. Alilala akigeuka huku na huku, akiona ngazi tupu kila alipofumba macho. Kulipokucha, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea kikamtokea: aliogopa kuondoka. Aliona kwamba akipanda kabini ile, hatakuwa na mtu wa kumtumia neno. Atapaka majina ya watu kwenye kuta za Kisangani mpaka mikono ichoke, na jioni hakuna atakayemwambia kula kwanza. Akainuka kumwambia mke wake. Kitanda upande wa pili kilikuwa kitupu. Bila shaka amekwenda sokoni mapema, akawaza, basi nitamwambia Trésor kwanza. Akavaa viatu akakimbia mpaka barabarani, karibu akanyagwe na pikipiki, mwanapikipiki akamtukana.

Kamyo ya machungwa ilikuwa imesimama mbele ya pampu ya mafuta, inanguruma. Trésor alikuwa anapiga tairi kwa fimbo, na alipomwona Grégoire akaanza kukuna kichwa.

"Kaka Trésor, siendi! Nafasi yangu mupatie mwingine. Nimeacha!"

"Papa Grégoire," akasema Trésor polepole, "nafasi yako iko na muntu."

Grégoire akainua macho. Ndani ya kabini, dirisha limeshushwa, amefunga kitambaa kizuri cha misa, mfuko wa safari wa Grégoire juu ya magoti yake, alikuwa amekaa Myriam.

"Mama Béata! Unafanya nini mule?"

"Nimekaa."

"Shuka! Siendi tena! Njo hivyo nilikuja kumwambia, siendi!"

"Vizuri. Usiende."

"Shuka basi, twende nyumbani."

"Naenda kutafuta," akasema Myriam. "Nikipata, nitakuita."

Maneno hayo Grégoire aliyajua herufi kwa herufi. Ndiyo aliyomwambia Myriam kule Kirotshe, akamwambia Sake, akamwambia Masisi, na kila mara aliyasema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Hakujua yalikuwa na ladha hii kwa anayeyapokea.

"Unaenda kutafuta nini?" akauliza, na sauti ikapasuka mbele ya watu.

"Wewe ulikuwa unatafuta nini?"

Angetoa kila kitu alichokuwa nacho ili apate jibu la swali hilo. Alisimama pale, mikono inaning'inia, wapagazi wanaangalia, mama mmoja muuza mandazi anaangalia. Trésor akapanda upande wake, akasema "mutusamehe, Papa," akawasha.

"Na maharage?" Grégoire akapiga kelele, maana mtu akichanganyikiwa anashika chochote.

"Iko nyuma ya nyumba. Ikikomaa, vuna."

Kamyo ikaondoka na moshi wake. Grégoire alitembea nyuma yake, halafu akakimbia kidogo, halafu akasimama, kwa sababu mtu mzima hakimbizi kamyo. Alitazama dirisha lile mpaka kona ya barabara ikalimeza. Myriam alikuwa ameangalia mbele.

Papa Philippe alimkuta saa za mchana amekaa chini mbele ya ukuta, mgongo umepinda. Habari ilikuwa imekwisha kuzunguka Mubi mara mbili na kurudi.

"Pole, artiste. Lakini Padiri anakuja siku ya yenga. Umalize."

"Namaliza, patron. Nimebakisha muntu mmoja."

Akachukua pinso ndogo. Kwenye ngazi, juu kidogo ya ile iliyovunjika, akachora mwanamke. Mdogo, lakini kichwa kilikaa vizuri juu ya shingo, na mtoto akakaa vizuri mgongoni, maana mkono wa Grégoire ulikuwa unajua kazi yake hata siku mwenyewe hajui kitu. Uso akauacha bila kitu, kwa mbali uso hauonekani. Halafu akataka kumvalisha kitenge, akachovya pinso, na pinso ikabaki hewani. Kijani? Manjano? Chenye maua, chenye ndege? Akafumba macho, akarudi ndani ya boti ile, akageuza shingo kwa nguvu kuangalia nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu. Alikuwa hajawahi kugeuza shingo.

Angeweza kutia rangi yoyote. Nani angejua? Papa Philippe alisema hivyo kwa sauti kubwa. Grégoire akaweka pinso chini, akatoka kutafuta mahali penye rezo ya telefoni.

Alipiga kwa Carmel, maana kamyo ingepita huko; mara ya kwanza telefoni ikamjibu kwamba mtu huyo hapatikani. Alipiga tena, na tena, akitembea kutoka duka hadi duka, mkono juu. Kamyo mbili zilipita zikipiga honi na hakuziangalia zilikuwa za rangi gani. Jua lilikuwa limeanza kulegea wakati telefoni ilipoita kweli, na Carmel akashika, akasema kwa baridi "yuko hapa," halafu pakawa na kelele za sahani na watoto, halafu Myriam.

"Umefika salama?" akauliza Grégoire.

"Nimefika. Kesho tunaendelea, Trésor anatengeneza tairi."

"Mama Béata, nataka kukuuliza kitu. Siku ile, ku ngazi. Ulikuwa umevaa kitenge gani?"

Akamsikia anatoka nje, kelele za watoto zikabaki nyuma.

"Unaniuliza ya nini?"

"Nakuchora. Nimekuweka ku ngazi, wewe na mutoto. Nguo tu njo sijatia."

"Umeniweka?"

"Uko hapo. Umesimama vizuri."

Akasikia pumzi yake, karibu kabisa na sikio, kama vile hakukuwa na msitu wowote katikati yao. Akaongeza haraka, kwa kumwogopa na kwa kumtaka, jambo ambalo halikuwa kweli.

"Nilikuwa nimesahau tu kidogo. Sasa nakumbuka."

"Unakumbuka?" Sauti ya Myriam ilikuwa laini, tayari kurudi. "Basi sema. Ilikuwa rangi gani?"

Grégoire akasimama katikati ya barabara ya Mubi, pikipiki zinampita huku na huku, na telefoni ikaendelea kula unité.